Maji ya Betri kwenye Boneti

Osha gari jeusi saa sita mchana kwa maji ya kisima cha Msasani, Dar es Salaam, kisha liache likauke lenyewe. Kabla hujamaliza kukusanya ndoo, litakuwa limejaa madoa meupe ya mviringo kuanzia boneti hadi buti. Mwenye gari atamlaumu kijana aliyeosha, kijana ataisingizia shampuu, na muuza shampuu atasema ni jua. Jua lina hatia kiasi, maana ndilo lililoharakisha mambo. Lakini kilichobaki juu ya rangi si shampuu wala uzembe. Ni mawe. Maji yamepaa, na mawe yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake yamebaki pale pale.

Dawa ya madoa hayo ipo, na wapenda magari wa Marekani na Uingereza wameizoea: mtungi uliojaa punje za resini, unaofungwa kati ya bomba na mpira wa maji, ambao hunasa chumvi zilizoyeyuka na kutoa maji matupu. Suuza gari kwa maji hayo, nenda kanywe chai, rudi ulikute limekauka bila doa. Maji yenyewe si mageni kwetu. Mafundi betri wanayo kwenye chupa na huyaita maji ya betri, ingawa mengine huwa yamepatikana kwa kuchemsha na kukusanya mvuke, si kwa resini. Kilicho kipya ni kuyamimina juu ya boneti kwa mpira, kana kwamba hayana bei.

Fikra hiyo si ya kipuuzi. Tatizo ni kwamba huuzwa pamoja na ahadi isizoweza kuzitimiza, na ikifika pwani ya Afrika Mashariki hesabu yake hubadilika kwa namna ambayo muuzaji hana haraka ya kuieleza.

Tuanze na mawe. Mvua inapoanguka huwa karibu haina kitu. Njiani hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi, na ikipenya kwenye udongo huongeza nyingine, hivyo huwa na uchachu kidogo. Uchachu huo unatosha kuyeyusha mawe ya chokaa na mwamba wa matumbawe. Kalsiamu na magnesiamu huingia majini kama bikaboneti, zisionekane kwa macho. Maji yakikauka, hewa ile hutoroka, na kalsiamu hurudi kuwa jiwe, yaani kaboneti ya kalsiamu, kitu kile kile kinachojenga matumbawe na kinachoganda ndani ya jagi la umeme. Tone hukauka haraka zaidi ukingoni kuliko katikati, kwa hiyo maji ya katikati huvutwa kuelekea pembeni na kuacha mzigo wake huko. Ndiyo maana doa huwa na pete.

Hapo sijagusa chumvi ya bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Kisima cha pwani kikiingiwa na sehemu moja tu ya maji ya bahari kwa mia, kila lita huongezewa miligramu 350 ambazo hazikuwamo. Shirika la Afya Duniani linaona maji yenye chini ya miligramu 600 hivi kwa lita yana ladha nzuri, na yakizidi 1,000 watu huanza kukunja uso. Visima vya karibu na ufuo wa Dar es Salaam viko vingi vinavyokunjisha uso, na vinazidi kuharibika kadiri vinavyopigwa pampu, kwa sababu maji baridi yakipungua chini ya ardhi bahari huja kuchukua nafasi.

Visima hivyo havikuchimbwa kwa ajili ya magari. Jiji linategemea Mto Ruvu, na mto huo una tabia ya kupungua wakati unapohitajika. Ukame wa mwaka 1997 ulisababisha visima vingi vichimbwe, vya umma na vya watu binafsi. Ukame wa mwishoni mwa 2022, mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ilipotangaza mgawo, uliwakumbusha wakazi kwa nini wasivifukie. Nyumba nyingi za maeneo yenye nafasi zina mifumo miwili, maji ya mamlaka yakiwapo na kisima yasipokuwapo, na simtanki moja ikipokea yote mawili bila ubaguzi. Mwenye nyumba haambiwi leo anaoshea maji gani. Gari ndilo humwambia.

Madoa yenyewe hayafanani, na kuyachanganya ndiko kunakomfanya mtu anunue dawa tatu bila kuponya hata moja. Chumvi ya kawaida huyeyuka tena, kitambaa chenye unyevu kinaitoa. Kaboneti ya kalsiamu haitoki kwa maji, lakini haivumilii tindikali: siki iliyozimuliwa kwa maji, ikiachwa kwa dakika chache kwenye bodi iliyopoa kisha ikasuuzwa vizuri, inaiondoa. Silika ndiyo mbaya. Ni jamaa wa mchanga na kioo, haijali siki, na ikishakauka juu ya kioo cha mbele hutaitoa ila kwa kusugua na dawa ya kung'arishia. Mwisho kuna doa ambalo si doa bali ni shimo. Madini yakikaa wiki kadhaa kwenye bodi linalochomwa na jua, hula tabaka la juu lisilo na rangi, lile ambalo mafundi rangi huliita klia. Tabaka hilo lina unene wa sehemu chache za mia ya milimita, pungufu ya unywele. Kung'arisha shimo ni kupunguza ukuta wote ulingane na kina chake, na ukuta huo haukuwa mnene tangu mwanzo.

Hesabu ndogo inasaidia. Tukadirie kwamba gari likishasuuzwa hubaki na nusu lita ya maji mwilini. Kama maji hayo yana miligramu 1,000 kwa lita, yakikauka yataacha nusu gramu ya mawe kwenye gari zima. Ni kidogo kuliko chumvi ya kutia kwenye yai, lakini kimesambazwa kwa maelfu ya vitone juu ya rangi nyeusi, na kinatosha kabisa kuharibu Jumamosi ya mtu. Juu ya rangi nyeupe nusu gramu hiyo hiyo haionekani. Barabara za Tanzania zimejaa magari meupe na ya fedha, na wenye magari hayo wanaweza kusoma makala hii kwa utulivu wa mtu anayesikiliza kesi ya jirani.

Wengi huanza kwa kununua chujio lisilo sahihi. Chujio la mchanga na makaa huondoa tope, harufu na klorini, lakini haliondoi kilichoyeyuka. Maji hutoka yaking'aa na kuacha madoa yale yale. Mashine ya kulainisha maji nayo, ile inayolishwa chumvi ya mawe, huondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Sabuni itatoa povu, jagi halitaganda, lakini jumla ya vitu vilivyoyeyuka itabaki karibu vile vile. Doa litakuwepo, ila litafutika kwa urahisi zaidi. Kwa mwenye gari hayo ni maendeleo, lakini si kile alichoambiwa dukani.

Resini ya kuondoa ioni hufanya kazi tofauti. Ndani ya mtungi kuna punje za plastiki za aina mbili zilizochanganywa, kila moja ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Aina ya kwanza hunasa ioni zenye chaji chanya, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, na kuachia ioni ya haidrojeni. Aina ya pili hunasa zenye chaji hasi, kloraidi, salfeti, bikaboneti, na kuachia haidroksaidi. Vilivyoachiwa vikikutana hufanya maji. Hakuna umeme unaohitajika wala dawa inayobaki. Katika kazi zote za kemia ambazo mtu anaweza kuzifunga ukutani kwa skrubu nne, hii naiona kuwa miongoni mwa zenye adabu zaidi.

Chanzo chake kiko shambani. Mwaka 1850 mkulima wa Yorkshire, H. S. Thompson, na mkemia J. Thomas Way walieleza jinsi udongo unavyoshika amonia ya mbolea na kuachia kalsiamu badala yake. Udongo ulikuwa ukifanya biashara ya kubadilishana, na mvua haikuwa ikiosha mbolea yote kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1935 Waingereza Adams na Holmes, kwenye maabara ya serikali ya Teddington, waligundua kwamba resini ya kutengenezwa na binadamu inaweza kufanya biashara hiyo hiyo. Miaka kumi hivi baadaye zikaja resini za polistairini, ambazo ndizo zinazotumika hadi leo. Zilikwenda kwanza kwenye mitambo ya mvuke, viwanda vya dawa na maabara. Nchini Uingereza wasafisha madirisha wakazichukua, wakaanza kuosha vioo vya ghorofani kwa brashi ya mlingoti mrefu wakiwa wamesimama chini, bila ngazi na bila kufuta. Gari lilifuata nyuma ya dirisha.

Nchi hiyo inaeleza pia kwa nini dawa hii ina wateja mahali fulani na mahali pengine haina. London hunywa maji yaliyopita kwenye miamba ya chaki, nayo ni magumu sana. Manchester, ambayo tangu 1894 huletewa maji ya ziwa Thirlmere kutoka milimani, ina maji laini, na mkazi wake anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua mjadala huu upo. Mfano wa mwisho ni Phoenix, Arizona. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka Mto Colorado, unaobeba miligramu 600 hivi za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, na hewa yake ni kavu na ya moto kiasi kwamba mwaka 2023 joto lilifikia au kupita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo. Tone la maji kwenye bodi la gari huko halimsubiri mtu afike na kitambaa. Mtu wa Phoenix mwenye gari jeusi akinunua mtungi wa resini, sina neno naye.

Dar es Salaam ina maji mabaya zaidi na hewa nzuri zaidi. Unyevu wa pwani huchelewesha kukauka, hasa asubuhi na jioni, kwa hiyo kitambaa kina nafasi ya kushinda mbio. Ila mtungi wa resini hauijali hewa. Unahesabu chumvi tu, na hapo ndipo gharama inapojificha.

Lita moja ya resini iliyochanganywa, kwa makadirio ya kawaida, inaweza kunasa kama gramu 25 za madini kabla haijachoka. Mtungi wa lita kumi, ambao ni mkubwa kwa matumizi ya nyumbani, una uwezo wa gramu 250. Kwa maji yenye miligramu 150 kwa lita utatoa zaidi ya lita 1,600. Kwa maji ya Phoenix, lita 400 na kitu. Kwa kisima chenye miligramu 2,000, ambacho pwani si kioja, utatoa lita 125, basi. Mpira wa bustani ukifunguliwa robo saa unaweza kumwaga zaidi ya hizo. Mtu akiosha gari kwa mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho akitumia mtungi huo, resini ya lita kumi itakufa kabla hajafika kwenye matairi ya nyuma.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii huweka koki ya kuukwepa mtungi. Vumbi, tope na povu huondolewa kwa maji ya kawaida, na maji matupu hutumika kwenye suuzo la mwisho tu, lita 20 au 30, mpira ukifunguliwa kidogo ili maji yapite polepole kwenye resini. Kwa utaratibu huo mtungi wa kisima cha miligramu 2,000 utatoa masuuzo manne hadi sita. Kisha? Resini iliyochoka huweza kufufuliwa kwa tindikali na magadi makali, lakini kwanza aina mbili zitenganishwe, na kila moja ioshwe kwa kemikali yake. Kiwandani ni kazi ya kila siku. Uani, pembeni ya watoto na kuku, ni njia ya kwenda hospitali. Mtumiaji wa nyumbani hununua resini mpya na kutupa ya zamani, na huku kwetu mpya hiyo lazima ipatikane kwanza.

Kuna kipimo kinachouzwa pamoja na mtungi, kidude kama kalamu chenye namba. Watu hukiamini kuliko kinavyostahili. Hakihesabu chumvi. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha huzidisha kwa namba iliyokadiriwa na kuonyesha jibu kama miligramu kwa lita. Kwa kisima ni sawa kabisa, na ningemshauri kila mwenye kisima awe nacho hata kama hana gari. Udhaifu wake uko mwishoni mwa uhai wa resini. Silika ndiyo ya kwanza kuponyoka resini inapochoka, na silika haipitishi umeme wa kutosha kushtua kipimo. Namba itasoma ndogo, mwenye gari atafurahi, na doa lile gumu kuliko yote litakuwa limeshaanza kupita. Resini ikichoka zaidi huanza kunuka shombo la samaki. Mkazi wa Kigamboni anaweza asilitambue.

Yako madai mengine yanayopaswa kuwekwa mahali pake. La kwanza ni kwamba maji haya husafisha zaidi. Povu huja kirahisi kwenye maji laini, hilo kweli, lakini uchafu wa gari la Dar, yaani vumbi la barabara isiyo na lami, masizi ya dizeli na kinyesi cha kunguru, hauondolewi na ukosefu wa kalsiamu. Unaondolewa na shampuu, mkono na subira. Maji matupu hayaongezi usafi, yanazuia maji yenyewe yasichafue. La pili hutoka upande wa pili, kwa wanaoogopa: eti maji yasiyo na kitu yana njaa, yatakula rangi na bodi. Maji hayo yakikaa hewani hunywa kaboni dayoksaidi na kuwa na uchachu mdogo sawa na wa mvua. Gari linaloweza kuliwa na uchachu huo ndani ya dakika kumi lisingevuka masika hata moja.

Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni la kazi. Mtungi wa resini hauondoi kazi ya kuosha, unaondoa kazi ya kufuta. Umebuniwa mahali ambapo mwenye gari hulifuta mwenyewe, au humlipa mtu kwa bei inayouma. Dar es Salaam, Mombasa na hata Kampala, mfutaji yupo, amesimama na kitambaa begani, na ujira wa kufuta umo ndani ya ujira wa kuosha. Kununua mashine ili kumpunguzia kazi mtu ambaye hukuwa unamlipa kwa kazi hiyo ni ukarimu wa ajabu.

Lakini kitambaa chenyewe si mtakatifu. Kile cha kituo cha kuoshea magari kimefuta magari kumi tangu asubuhi, kimeanguka chini mara mbili, na kina mchanga wa kutosha kuchorea klia mizunguko midogo midogo inayoonekana jua likipiga kwa upande. Gari jeusi lililofutwa hivyo kwa mwaka mmoja huonekana limezeeka hata kama injini haijatimiza safari zake za maana. Hapa ndipo hoja ya maji matupu inapopata nguvu yake halisi, na ndiyo sababu pekee ninayoikubali bila masharti: kila mguso uliopunguzwa ni mkwaruzo uliopunguzwa. Anayetaka kuhifadhi rangi nyeusi kwa miaka kumi ana haki ya kutaka gari lake lisiguswe. Ajue tu kwamba gari lililoachwa likauke lenyewe linasubiri pia vumbi, na bajaji ya kwanza kupita kwenye njia ya mchanga itamaliza mjadala wote kwa sekunde tatu.

Kwa kisima cha chumvi, wataalamu watakwambia uanze na mashine ya osmosisi kinyume, inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha nyuma sehemu kubwa ya chumvi, kisha resini imalizie kilichobaki. Ushauri huo ni sahihi kikemia. Miligramu 2,000 zikishuka hadi 100, mtungi ule ule utatoa maji mara ishirini zaidi. Lakini mashine ndogo za nyumbani hutupa lita mbili hadi nne kwa kila lita safi, na kinachotupwa kina chumvi nyingi kuliko kilichoingia. Ukikimwaga bustanini utaua majani. Ukikiacha kipenye ardhini karibu na kisima, umekirudishia kisima chumvi yake. Katika jiji ambalo kuna mitaa inanunua maji kwa dumu, kumwaga lita mia moja ili boneti isiwe na pete ni jambo ambalo mtu anapaswa kulifanya akiwa amefunga geti.

Na hakuna haja, kwa sababu maji matupu yanaanguka bure. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi kwenye masika na vuli. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita kumi ikinyesha, hukusanya lita 500 kabla ya kupungukiwa na zinazorukia pembeni. Acha dakika za mwanzo ziende na vumbi na mavi ya ndege, kisha kinga. Mvua ya karibu na bahari hubeba chumvi kidogo ya upepo, lakini ukipima utakuta kiasi ambacho kisima hakijawahi kukiota. Watu husema mvua nayo huacha madoa. Huacha, kwa sababu hulikuta gari lina vumbi na kulikorogea hapo hapo. Juu ya gari lililokwisha oshwa haina la kuacha.

Pwani haijaanza leo kukinga. Visiwa vya Lamu, ambako visima vingi ni vya chumvi, vina jabia: sakafu pana iliyosakafiwa, yenye mteremko, inayopeleka mvua kwenye birika la chini. Kwa kunywa na kupika, jabia ni busara. Kwa suuzo la gari lina dosari moja, kwamba maji laini yakikaa miezi ndani ya kuta za chokaa au saruji huanza kuyeyusha kalsiamu ya kuta hizo. Simtanki ya plastiki haina neema ya jabia machoni, lakini haiongezi kitu majini.

Kiangazi je? Inua macho utazame ukuta wa nje wa chumba cha kulala. Kiyoyozi kinapopoza hewa ya Dar, mvuke hugeuka maji juu ya mabomba yake ya baridi na kutiririka kwenye kibomba chembamba hadi nje, ambako kwa kawaida huchora mstari wa kijani ukutani. Ni maji ya mvuke uliopozwa, yaani yametengenezwa kwa njia ile ile ya maji ya betri, isipokuwa yamepita kwenye vumbi la kiyoyozi na huweza kubeba chembe za metali na vijidudu. Si ya kunywa, na betri ninaionea huruma. Kwa boneti yanatosha kabisa, ukishayachuja kwa kitambaa safi na kuyamwaga kwa kopo badala ya kuyapuliza hewani ukayavuta puani. Kwenye unyevu wa Dar, Mombasa au Muscat, kiyoyozi kimoja hutoa lita kadhaa kwa usiku mmoja. Nyumba yenye gari jeusi la kuonewa wivu aghalabu ina viyoyozi zaidi ya kimoja. Mwenye nyumba anaagiza resini kutoka ng'ambo wakati kitu anachokitafuta kinaozesha rangi ya ukuta wake.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye gari jeupe au la fedha asinunue chochote. Mwenye gari la rangi ya giza anayetumia maji ya mamlaka anunue vitambaa viwili vizuri vya mikrofaiba, avifue mwenyewe, aoshe saa kumi na mbili asubuhi bodi likiwa la baridi, na afute mara moja. Mwenye gari la rangi ya giza na kisima cha chumvi aoshe kwa kisima, kisha asuuze kwa lita 20 za mvua au za kiyoyozi kutoka juu kwenda chini. Anayetaka mtungi wa resini hata hivyo, na fedha anayo, anunue kwanza kile kipimo cha kalamu, apime maji yake wakati wa kiangazi na tena baada ya masika, afanye hesabu ya gramu 25 kwa lita, ndipo aulize bei. Na kama kipimo hicho kitasoma zaidi ya 1,000 kwenye kisima ambacho familia inakinywa, gari lisubiri. Peleka sampuli maabara.